Safari hii sikutapika

Jumanne, bado wodini.

Sikutapika hata kidogo. Nilipomzaa Neema kwa upasuaji nilitapika usiku kucha huku nimeshikilia mshono, kwa hiyo juzi, kabla ya upasuaji huu, nilimwomba nesi mapema, akanichoma sindano ya kuzuia kichefuchefu. Sasa kila anayepita ananipongeza. Wananichosha.

Mama mkwe kaja kutoka Mazwi na uji wa ulezi kwenye chupa ya chai, kama anavyomletea kila mzazi. Akajaza kikombe mpaka ukamwagikia shuka.

"Kunywa wote, mwanangu, maziwa yapate ku..."

Akafunika chupa. Mtoto walimzika jana, yeye ndiye aliyembeba mpaka kaburini.

Nikanywa wote. Nesi kaniuliza tena kama nasikia kichefuchefu, nikamwambia hapana.

Gauni limelowa maziwa.