Turubai la Sebuleni

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimejua kwamba nyumba yetu inapakwa rangi. Mwaka wa tatu sasa! Mimi ninayelala humu sikuwa na habari.

Aliyeropoka ni jirani, yule fundi nguo wa nyumba ya mkabala, shoga yake mke wangu. Napita kibarazani kwake natoka kazini, ananitania eti, shemeji, rangi imekauka? Rangi gani? Akaziba mdomo, lakini maji yalishamwagika. Ikabidi atoe yote. Wana kikundi chao, wanawake waliosoma pamoja. Kila mwezi hukutana kwa mmoja wao, wanaimba, wanacheka, wanasengenya waume. Zamu ya mke wangu ikifika — rangi. Kuta mbichi. Harufu kali. Fundi katoroka na brashi. Fundi gani, jamani!

Nikamwuliza, kwa nini lakini? Akajifanya anatafuta kifungo. Kisha polepole: shemeji, ni yale makochi.

Makochi yangu! Niliyanunua mimi, mke wangu akiwa safarini, nimshtukize. Alisimama mlangoni akasema, "Makubwa!" Miaka yote nimedhani alikuwa anasifu.

Jumanne, 5 Machi

Sijaenda kazini asubuhi. Nimekaa kwenye kigoda nikayatazama makochi, jicho kwa jicho.

Ni mabaya. Mungu wangu, ni mabaya! Rangi ya ini. Maua ya njano kama mayai ya kukaanga. Miguu ya dhahabu yenye kucha — kucha za nini kwenye kochi? Na kile kitambaa chenye manyoya, ukikaa na jasho kinakung'ang'ania shingo. Nilikuwa naishi na vitu hivi kama mtu aliyefungwa macho.

Jioni nikarudi kwa fundi nguo. Kumbe mambo ni mazito. Zamu ya mke wangu ni Jumapili ya tarehe kumi na saba. Atarudi siku moja kabla, Jumamosi, kutoka kwa binti yetu aliyejifungua, na ameshampigia huyu huyu fundi nguo amtafutie kisingizio kipya. Wenzake wamechoka. Wamesema akiruka tena wanamtoa kwenye zamu, atabaki kualikwa tu kama mgeni. Akalia kwenye simu. Mke wangu! Yule anayeimba akifagia, analia kwa sababu ya makochi yangu.

Basi. Nitayashonea nguo. Mimi ni fundi maturubai, nimefunika malori tangu sijaota ndevu. Kochi litanishinda?

Alhamisi, 7 Machi

Nimenunua kitambaa. Pamba nzito, buluu iliyokolea, hakina ua hata moja. Fundi nguo amekipapasa akasema hapo nimeonyesha akili. Akaniagiza nikiloweke kwanza, nikianike, ndipo nikate, kisije kikaruka na kubana baadaye. Nimetii. Kamba ya nguo yote imejaa buluu, wapita njia wanauliza kama tunafungua hoteli.

Binti amepiga simu. Mjukuu ana mashavu! Nikamwambia asimwambie mama yake chochote. Akauliza, chochote kuhusu nini? Nikakata.

Jumamosi, 9 Machi

Nimepima, nimekata, nimeshona. Siku nzima! Cherehani ya karakana haina mchezo — mshono mara mbili, uzi wa nailoni, hata fahali hachani. Nimepiga mluzi mpaka midomo imeuma.

Kesho nalivika kochi kubwa. Nina furaha ya kitoto, nakiri.

Jumapili, 10 Machi

Ni pana.

Si pana kidogo. Kochi limevaa suruali ya kaka yake! Kitambaa kimeshuka mikononi, kimelala sakafuni, nikikaa kinanifuata. Nimesimama na pini mdomoni sijui nilie au nicheke.

Nikamwita fundi nguo. Akauliza nilipimaje. Nikamwonyesha: unazungusha tepu kwenye mzigo, halafu unaongeza shibiri kila upande. Kwa nini uongeze? Kwa sababu mzigo hutikisika njiani. Akakaa chini. Akacheka hadi kilemba kikamtoka. Shemeji, kochi hili linasafiri kwenda wapi?

Lakini ndivyo mkono wangu unavyojua! Nimekata vyote vitatu hivyo hivyo, kochi kubwa na madogo mawili, na mawili hayo hata sijayaunga. Fundi anasema tufumue, tukate upya. Ana magauni ya harusi ya watu mpaka Ijumaa, hawezi kunisaidia. Na mshono wangu kufumuka? Nilijisifu mwenyewe kwamba hata fahali hachani. Nimejaribu na wembe, nimejikata kidole.

Nimekula mkate mkavu. Nimelala mchana kwa hasira.

Jumatatu, 11 Machi

Nimepata!!

Niko kazini, nafunga turubai kwenye lori la mbao. Turubai nalo ni pana, linapepea. Je, mimi hulifumua? Hapana! Nagonga matundu pembezoni, natia pete za shaba, napitisha kamba, navuta — linakaa kama ngozi. Nikasimama juu ya lori nikapiga kelele. Dereva akadhani nimeumwa na nyoka.

Nimerudi na nyundo, patasi na mfuko wa pete. Kamba nimechagua nyeupe, ile laini ya kusuka. Si bure wananiita Mzee Kamba.

Jumatano, 13 Machi

Kochi kubwa limekwisha. Niandike vipi?

Nimegonga pete ubavuni na mbele ya kila mkono, kutoka juu mpaka chini. Kamba nimeipishanisha kama viatu. Nikavuta. Ile nguo pana ikajikunja yenyewe, mikunjo imelingana, mkunjo kwa mkunjo, ikakumbatia kochi kila pembe. Kucha za dhahabu hazionekani. Mayai ya kukaanga yamezikwa! Nimezunguka chumba nikicheza peke yangu, baba mzima mwenye mjukuu.

Halafu nikakaa mbali nikalitazama tena. Wasiwasi ukaniingia. Ni lori. Sebuleni kwangu kuna lori lililofungwa mzigo, linasubiri dereva. Nikamwita fundi.

Akaja na tepu shingoni. Hakucheka. Akazunguka, akavuta kamba, akapitisha kidole kwenye pete moja moja. Nikamwambia basi, sema, nimeharibu? Akasema, shemeji, usiguse kitu. Nikasema lakini ni lori! Akasema ndiyo, ni lori, lakini lori la bwana harusi. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama pete zimebaki, ana stuli yake mbovu.

Sasa sijui. Fundi nguo si mke wangu. Yule aliwahi kusema "Makubwa!" na mimi nikaenda kulala na furaha.

Ijumaa, 15 Machi

Kochi dogo la kwanza limevaa. La pili bado, limebaki uchi na maua yake. Nilisema kesho asubuhi —

Amerudi leo! Binti ananitumia ujumbe mama yuko njiani, na mimi nasikia mlango. Nimetupa nyundo chini ya meza, nikapokea mabegi, nikasema karibu mama, nakuwekea chai, nikakimbilia jikoni. Kama mwizi! Naandika hapa juu ya pipa la unga.

Nimetega sikio sebuleni.

Maji yamechemka, nayaacha yachemke.

Nimechungulia. Hajakaa kwenye la buluu. Amekaa kwenye lile baya, lililobaki, na mkoba bado begani. Nikasema moyoni, basi, Mzee Kamba, umekwisha. Kisha nikaona. Ameligeuza. Amelivuta mpaka katikati ya chumba ili ayaone vizuri yale mengine mawili. Anayatazama. Amekwenda akagusa kamba, akarudi. Mabega yanatikisika. Anacheka au analia? Kwa mgongo huwezi kujua!

Ametoa simu.

Nasikia: haloo, mwenyekiti. Jumapili. Hapana, si kwa fundi nguo, kwangu. Nimesema kwangu! Njooni wote, na wale wa zamani waambie.

Mwenyekiti wa kikundi lazima kamwuliza kitu, maana amenyamaza. Akageuka, akaniona mlangoni na kijiko mkononi. Amenikazia macho, hajatabasamu. Hajaniambia ni zuri, hajaniambia ni baya. Akasema kwenye simu, polepole, macho yake hayajanitoka:

"Eeh, imekauka."

Nimerudi jikoni. Sioni sukari ilipo. Anapiga namba nyingine —