Bendera ya Kijani Mlangoni kwa Mama Mkwe

Mkuyuni, Mwanza

Kaka yangu Paulo,

Shikamoo. Natumaini hapo Kamanga wote hamjambo, na shemeji mgongo umempa nafuu. Sisi huku watoto ni wazima, ila mimi mdogo wako sina raha kabisa.

Ile treni ya chini ya ardhi uliyosema ni porojo, sasa inachimbiwa njia kweli. Handaki linaanzia hapa hapa Mkuyuni, litatokea Butimba. Yaani kaka, ukiziona hizo mashine utanyamaza mwenyewe! Mimi wamenipa kipaza sauti. Kabla mwamba haujalipuliwa napita nyumba kwa nyumba, nabisha, naingia, nahakikisha watu wametoka, ndipo nainua bendera ya kijani. Mtaani wananitania eti mimi ni kengele ya kanisa.

Habari mbaya nadhani zimekufikia. Jumanne jiwe liliruka likatoboa bati la mama mkwe, naye alikuwa ndani. Mguu umevunjika vibaya, na daktari kamwambia Justa kwamba mama yake huenda asiponde kokoto tena. Mke wangu analia, halafu ananishukuru kwa kutafuta gari la kumkimbiza mama hospitali. Ananishukuru, kaka!

Msimamizi wetu alipokwenda kumhoji, mama alimjibu kuwa tangazo alilisikia, ila usingizi ulimzidi. Wakasema basi ni uzembe wake, mimi nikapewa pole na mapumziko.

Sasa sikia. Mama hakulala. Nyumba ile sikubisha. Wewe ndiye uliyenipeleka kuposa, unajua mimi na yeye hatujawahi kutazamana usoni wala sijavuka kizingiti chake. Nilisimama kwenye kile kinjia chake kimoja cha kutokea, nikatangaza nikiwa nimegeukia pembeni. Chini ya pazia niliona pindo la kanga yake. Alikuwa tayari kutoka, anasubiri nimpishe, maana hawezi kupita mbele ya mkwe wake. Nami nilijua. Ningemwita jirani amtoe, basi. Lakini mafundi walikuwa wananitazama, redio ya mawasiliano inafoka kwamba nachelewesha kazi, nikaona haya kuwaeleza watu wa mjini kwamba nimesimamishwa na mkwe. Nikaondoka bendera ikiwa juu, nikijiambia atatoka nyuma yangu. Hakuwahi.

Nimeaibika, kaka, mpaka kioo nakikwepa. Amenifichia aibu, na hata asante siwezi kusimama mbele yake nikaitamka. Nakuomba upande kivuko cha asubuhi uje. Wewe unaweza kukaa naye. Mimi nitasimama nje, chini ya dirisha la wodi, nawe umweleze yote niliyoandika hapa, Justa naye asikie. Usinionee huruma ukapunguza maneno. Nikitoka hapo naenda kwa msimamizi mwenyewe.

Njoo upesi. Justa anasema kila mama akizinduka, swali lake la kwanza ni kama kazi yangu bado ipo.

Nisalimie shemeji na watoto, uwaambie nawakumbuka.

Mdogo wako,
Yeremia