Neno Walilomwandikia Nasimiyu

Jumatatu, 2 Julai 1956

Mimi Khaemba, miaka sabini na mbili. Nimezika wake wawili. Nilirudi hai kutoka Kariakoo, kubebea jeshi mizigo vita ya kwanza. Nzige wamepita, mabwana watatu wa shamba hili la Kabazi wamepita, mimi niko. Kusoma nilijifunza ndevu zikiwa nyeupe tayari. Nani mwingine hapa laini, kwenye vibanda vya wafanyakazi, anaweza? Hakuna!

Leo Owuor karani amekuja na kitabu cha bwana mpya. Kila mtu na neno lake: mchumaji, mlinzi, mpishi. Binti yangu Nasimiyu — miaka ishirini na sita, hasemi na watu, haangalii mtu machoni, akikaa anajitikisa — ameandikiwa WAZIMU. Jumamosi lori inachukua wenye neno hilo, inawapeleka Nairobi kufungiwa hospitali ya vichaa. Eti amri. Karani gani huyu! Herufi zake zinalala kama walevi.

Jumatano, 4 Julai

Sasa kila mtu ni bingwa wa maneno. Mhubiri anasema ana pepo. Pepo gani anawahi kazini kabla ya nyapara? Dresa wa zahanati anasema mgonjwa. Homa iko wapi? Halafu mama mwalimu wa kanisani, sauti ya mafuta: Mzee, tuseme maskini wa Mungu, ni neno la heshima. Heshima! Nikamwambia aliandike mbele ya jina lake mwenyewe. Amenuna.

Alhamisi, 5 Julai

Nimemvuta Owuor mpaka nyumba ya kukaushia pareto, maua yetu ya dawa ya wadudu. Cheptanui, anayefanya kazi na binti yangu, akamwuliza: "Nasimiyu, wewe ni nani?"

Hakugeuka. Vidole ndani ya maua. "Nasimiyu. Trei ya saba ina maji."

Kosgei nyapara akacheka. "Hiyo nimekagua mimi!" Akatia mkono mpaka chini. Akautoa umelowa. Maua ya chini yameanza kuoza.

Owuor anasema hata kichaa hubahatisha. Mpumbavu! Nikamwambia, huyu hana porojo, ana kazi. Andika hivyo.

Ijumaa, 6 Julai

Sijala. Nimetafuta neno katika Kibukusu, nimetafuta katika Kiswahili. Yote ni ya kumtukana au ya kumlilia. Takataka. Jina analo, kazi anayo. Basi!

Jumamosi, 7 Julai

Lori iko nje ya ofisi ya karani. Nimemwambia Owuor: futa, andika MKAUSHAJI WA PARETO.

Akafungua kitabu cha zamani, cha 1947. "Neno si langu, mzee. Mimi nilinakili tu."

Mbele ya jina la Nasimiyu: wazimu, hafai kazi. Chini yake alama ya kidole gumba. Changu! Mwaka ule walitaka wasichana wote wachume kwenye baridi. Nasimiyu alikuwa akikohoa. Nikamwambia karani wa wakati ule aandike hivyo, nikarudi nyumbani nikijisifu nimewaweza.

"Sasa nani alianza?" Owuor huyo.

"Mimi," nimesema kwa sauti, hata walio mlangoni wasikie. Nimechukua vitabu vyote viwili, nimeviweka kitini, nimevikalia.

"Inuka, mzee. Bwana anakuja."

Siinuki! Penseli hii ni ya Owuor, daftari ni langu. Gari la bwana linalia getini. Dereva wa lori anaita majina, la Nasimiyu bado. Kosgei yuko mlangoni, Cheptanui dirishani. Nikiondolewa kwa nguvu, waulizwe hao. Wameona kidole changu kwenye karatasi, wamenisikia nikikiri, na wanaona nilipokaa —