Mjomba, Nimekifukua Kisima

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitarudi haraka kutoka huko Tandahimba, maana simu yako inaita mpaka inakata yenyewe, na binamu Saidi akipokea anasema umelala. Saa nne asubuhi! Hujawahi kulala saa nne asubuhi tangu uzaliwe. Ndiyo maana nimeandika gazetini. Saidi atakusomea kwa sauti kama anavyokusomea habari za korosho, nawe utajifanya unatengeneza redio. Sikiliza hivyo hivyo. Nilikugombeza mbele ya watu, kwa hiyo nakuomba radhi mbele ya watu.

Wasomaji hawatujui, niwaeleze. Wewe ni kaka wa mama yangu, na kule Newala, ambako maji ya bomba huja yanapojisikia, wewe ndiye uliyechimba visima vya kuvunia mvua kwenye nyumba za watu mtaa kwa mtaa. Mimi ni msanifu majengo. Ofisi yangu iko Masasi, na Jumapili huchora michoro ya dhahania, ile ambayo mama anaiita "picha zisizo na mtu."

Unaikumbuka fimbo ya mwanzi? Kila Ijumaa baada ya swala ulikuja kwetu, ukaitumbukiza kisimani, ukaisimamisha kwenye ukuta wa jiko, nami nikachora mstari wa mkaa pale unyevu ulipoishia. Kiangazi kizima mistari ilishuka ukutani, na kufika Novemba nilikuwa nachora nimelala kifudifudi. "Nyoosha mkono, Fatu," ulikuwa unasema. "Mstari ukipinda, mama yako atadhani maji yapo." Chuoni Dar es Salaam walinifundisha mambo mengi, lakini mstari ulionyooka nilikwenda nao kutoka nyumbani.

Kisima kile kikapasuka, jiko likachakaa, na mimi, nikiwa na cheti changu kibichi, nikajitolea kumchorea mama nyumba mpya. Nikakuletea ramani ya nyumba ya kuficha bati: kuta nyeupe zimepanda juu, paa halionekani, gata la kukingia mvua hakuna hata moja. Uliiangalia mbele, ukaigeuza ukaiangalia nyuma, kisha ukauliza, "Maji yanaangukia wapi?" Nikakwambia gata zinaharibu sura ya jengo.

"Sura," ukasema. "Mama yako ataisongea ugali hiyo sura?"

Tukabishana kwa simu wiki mbili. Mwishowe nikasema natuma ramani ya marekebisho, ingawa nilichorekebisha ni madirisha tu. Mezani palikuwa na karatasi mbili zilizoviringishwa. Nikachukua moja kwa haraka, nikampa kondakta wa basi la Newala. Haikuwa ramani. Ilikuwa mchoro wangu mmoja, duara kubwa jeusi lenye mistari kumi na miwili ya mkaa, ya juu imeachana, ya chini imebanana. Nilikuwa nimeuita "Ukimya Namba Tatu."

Wewe uliufungua mbele ya mafundi, na kwa mara ya kwanza tangu nianze sanaa, mtu hakuniuliza hiki ni nini. Ulisema, "Haya, mtoto amesikia!" Mistari kumi na miwili, futi kumi na mbili. Mkaanza kuchimba siku ile ile. Mama anasema ulichinja jogoo, ukazunguka soko zima ukiwaambia watu kwamba mpwa wako kasoma na bado anasikia.

Wiki mbili baadaye nikateremka kwenye basi na miwani yangu ya jua. Nikakuta shimo safi, duara la kunishinda mimi na bikari yangu, nawe uko ndani unapiga lipu huku unaimba. Mchoro wangu ulikuwa umepigiliwa msumari kwenye mkorosho, umejaa vidole vya udongo. Nikapandwa na hasira. "Hiyo ni sanaa, Mjomba! Siyo kisima!" Nikawageukia mafundi. Kisha nikasema neno ambalo halijaniacha mpaka leo: "Fukieni."

Ulipanda ngazi polepole, ukafuta mwiko kwenye shati. "Nyumba isiyokunywa siikanyagi," ukasema, ukaondoka kwenda kwa Saidi. Ningeweza kukufuata. Gari la Tandahimba lilikaa stendi zaidi ya saa nzima likisubiri abiria. Mimi nilikuwa nang'oa msumari kwenye mkorosho.

Nyumba ikaisha, ikapendeza, maharusi wakaja kupigia picha. Kisha mvua ikanyesha. Maji yakajaa nyuma ya zile kuta zangu, yakakosa njia, yakachagua chumba cha mama. Akatega sufuria tisa, halafu akanipigia simu. "Fatu, nyumba yako inavuna maji vizuri sana. Ila inayavunia kitandani." Kiangazi kilipofika akawa anakaa kwenye baraza la maharusi akingoja bodaboda ya madumu. Hakulalamika. Angelalamika, ningepata pa kujitetea.

Mwaka jana mchoro ule ulitundikwa kwenye maonyesho Dar es Salaam, vidole vyako vikiwa vimo. Bwana mmoja aliyevaa skafu, kwenye joto lile, akauliza unahusu nini. Nikamwambia ni mazungumzo kati ya utupu na kumbukumbu. Akafumba macho, akasema anayasikia. Mjomba, hakusikia kitu. Mimi ndiye niliyeona, pale pale, ukuta wa jiko na mistari yetu inavyoshuka. Nilikuwa nimechora kisima chetu bila kujijua, na mtu mmoja tu aliyekielewa ndiye niliyemfukuza. Nililia chooni mpaka mlinzi akagonga mlango.

Kwa hiyo mwezi uliopita nikaenda Newala, nikawaita mafundi wale wale. Mmoja akaniuliza, "Injinia, leo ni sanaa au ni kisima?" Nikamwambia vyote viwili, chimba. Gata nimefunga. Zinaonekana kutoka barabarani, mbaya kweli kweli, maharusi wamehama. Chini ya mchanga lipu yako tuliikuta, imeishia upande wa mashariki, pale pale ulipoinua mwiko. Mafundi wamemalizia kote ila wamebakiza kipande cha upana wa mlango. Nimewakataza kukigusa. Bila kipande hicho kisima hakishiki maji, na mawingu yameanza kujazana upande wa Ruvuma. Mimi simharakishi mtu.

Nimekukumbuka sana, Mjomba. Nasema wazi, Saidi rudia kusoma hapo.

Mama anakusalimu, anasema jogoo yupo. Ukuta wa jiko jipya bado ni mweupe, ule niliomkataza hata yeye kuuegemea. Mwanzi nimekata, mkaa nimeuweka dirishani. Njoo unishikie fimbo. Na mstari ukipinda, unigombeze mbele ya watu.

Mpwa wako aliyesikia, japo kwa kuchelewa,
Fatu