Shati Zima la Baba Mkubwa Merle

Barabara ya Hemlock,
Kettle Ridge, Pennsylvania.
12 Desemba 2019

Mpendwa Shangazi Arlene,

Pole kwa msiba, na pole kwa nyonga. Je, daktari amekuruhusu kuacha ile fremu ya kutembelea? Unapata usingizi? Baba amesema nikuandikie jambo hili kwanza kabisa: usijilaumu kwa kutofika mazishini. Hakuna aliyekutazamia upande ndege na mshono bado mbichi. Huku kwetu theluji imefika magotini na bomba la jikoni limeganda, lakini hatujambo, kadiri waliofiwa wanavyoweza kusema hawajambo.

Kwenye simu uliniuliza siku za mwisho za nduguyo Merle zilikuwaje, nami nikashindwa kujibu kwa kilio. Karatasi inanisubiri nipumue, basi nakueleza humu.

Kesi yake ya miti ya cheri unaikumbuka, maana mwaka uliofuata ndipo ulipohamia Oregon. Aliikata katika msitu wa serikali, akaiuza kwenye kiwanda cha mbao, akakamatwa, akakiri, akapewa kifungo cha nje. Jela hakulala. Lakini sheria ya shirikisho haiulizi ulilala wapi. Inauliza kama kosa lako lingeweza kukufunga zaidi ya mwaka mmoja, na jibu likiwa ndiyo, bunduki huigusi tena. Kimo kifungu kinachomruhusu mtu kuomba arudishiwe haki yake, ila kila mwaka Bunge la Washington hukataza fedha za kushughulikia maombi hayo. Mlango upo, mfungua mlango hana mshahara.

Usichoweza kukiona kutoka huko ni jinsi alivyoitii amri hiyo. Katika kambi yetu ya uwindaji alijifanya mpishi. Kaka Gary akileta bunduki mezani kuisafisha, babake alivaa koti akatoka na kikombe chake kwenye theluji. Alilala katika gari lake la kukokota, lile lenye kitanda ndani, nje ya kibanda, na ufunguo wa kabati la bunduki hakutaka hata kujua unatundikwa wapi. "Ikiingia mlango huu, mimi natokea ule," alikuwa akisema. "Tumeachana kwa amri ya mahakama." Watu walicheka, naye akacheka, akaendelea kukoroga maharage.

Daktari alipompa habari ya mapafu, hakutamani mengi. Alitaka asubuhi moja tu, akae juu ya lile jiwe lake lililo juu ya kijito, bunduki ikiwa mapajani. Kama kulungu angepita au asingepita, hayo hayakumhusu. Kwa kuwa mimi ni karani katika chama cha wenye bunduki, aliniuliza kama chama kingeweza kulisema jambo la watu kama yeye. "Najua sheria haitaniwahi," aliniambia. "Lakini nisikie limesemwa."

Kila vuli kamati yetu huchagua mambo matatu ya kuomba Washington. Mawili ya kwanza hayakuwa na ubishi. Moja ni kwamba kibali cha kubeba bastola cha jimbo letu kitambuliwe majimbo mengine, maana mpaka wa New York uko nyuma ya kilima hiki, na muuguzi anayefanya kazi hospitali ya upande wa pili anakuwa mhalifu njiani kwa kitu kilicho halali jikoni kwake. La pili ni kwamba msafiri aliyefungia bunduki tupu kwenye buti ya gari aachwe apite, asikamatwe kwa kuwa alilala njiani. Yote mawili naona ni haki. La tatu ndilo lililobaki, na kulikuwa na mapendekezo mawili: viwambo vya kupunguza mlio wa risasi viuzwe kama bunduki ya kawaida, kwa ajili ya masikio ya wawindaji, au watu wenye makosa ya zamani yasiyomwaga damu wapate pa kuomba haki yao. Hilo la mwisho nililiandika mimi.

Karani huandika, hasemi. Siku ya kikao nilikaa pembeni karibu na birika la kahawa. Mwenyekiti wetu, Bwana Krieger, alilisoma pendekezo langu akalifunika kwa mkono. "Viwambo, sawa," alisema. "Hili tuliache. Sisi ni chama cha watu wasio na doa."

Sijui miguu niliipata wapi, Shangazi, lakini nilisimama. Wewe unanijua, mtoto aliyeogopa hata kumwomba mwenye duka chenji. Nilisema kwamba sisi kila siku tunadai haki hii haikutolewa na serikali. Kama ndivyo, mbona kwa mtu aliyekata miti ujanani tunaiachia serikali iichukue mpaka kaburini, bila hata kumsikiliza? Nilisema hatuwaombei wauaji. Tunaomba mtu asimame mbele ya hakimu, majirani zake waulizwe, aamuliwe kwa jinsi alivyoishi.

"Msichana ana hoja," akasema mzee mmoja.

"Hoja anayo, magazeti nayo yana wino," mwenzake akamjibu. "Kesho tutaandikwa kwamba tunawagawia wahalifu bunduki."

Bwana Krieger alinitazama bila ubaya, na hilo ndilo liliniumiza. "Joelle, binti yangu, wewe andika kumbukumbu, usituhutubie. Halafu kahawa imekwisha."

Walicheka, wakapiga kura. Mikono miwili ikainuka upande wangu. Nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe kwamba hoja imeanguka, kisha nikaenda kupika kahawa. Tangu hapo kila nikiitwa ofisini kwa mkubwa wangu nadhani ni siku ya kufukuzwa. Bado sijafukuzwa.

Mwaka huu msimu wa kulungu ulifunguliwa Jumamosi, si Jumatatu kama enzi zenu, na wazee wamenung'unika kana kwamba Krismasi imehamishwa. Nilifika kambini saa ya chakula cha mchana na pai za Mama. Baba Mkubwa alikuwa jikoni, amevaa aproni, mrija wa hewa puani. Gary na wenzake walikuwa wameketi mezani, bunduki zao zimekwisha kufungiwa kabatini. Mzee hakugeuka.

"Karani, kule kwenye kikao ulilenga?"

"Nililenga, Baba Mkubwa."

"Ukapata?"

"Nilikosa."

Alizima jiko. "Sheria ya kambi hii unaijua. Gary, lete mkasi."

Ukuta ule unaukumbuka, Shangazi. Kila aliyemfyatulia kulungu akamkosa, pindo la shati lake limekatwa na kugongomewa pale, na jina lake na mwaka. Kipande chako cha maua bado kipo, kimepauka tu. Chake cha mwisho kiko juu ya jiko, cha vuli ile iliyotangulia kesi. Nilijitetea kwamba shati ni jipya.

"Wote husema hivyo," Gary alisema. "Shukuru hukuja na gauni."

Baba Mkubwa alikata polepole, akapumzika katikati ya kitambaa kutafuta pumzi. Alikataa kusaidiwa kupiga nyundo. Alikigongomea kipande changu kando ya chake, kisha akakaa kwenye kigoda. "Miaka yote hii hakuna aliyefyatua hata moja kwa ajili yangu," alisema. "Kukosa ni kawaida. Haya, kuleni, maharage yanapoa."

Alifariki Jumatano iliyofuata, usingizini, katika lile gari la kukokota. Gary ndiye aliyemkuta. Kikombe chake kilikuwa kimeoshwa na kufudikizwa.

Tulimvika shati lake la flaneli, lile la miraba myekundu. Kabla jeneza halijafungwa, Gary alilisogelea na mkasi wa jikoni mfukoni, maana alitaka kipande cha ukutani. Aliinua pindo la shati, akalirudisha na kulinyoosha vizuri. Aliporudi kuketi karibu nami alininong'oneza, "Siwezi. Hakukosa. Hakupewa hata nafasi ya kukosa." Tukamzika na shati zima.

Gary anaomba, kama unayo, ile picha yenu wawili mmekaa juu ya jiwe. Baba na Mama wanakusalimu sana. Nisalimie mumeo Mzee Roland, na umwambie binti yenu Tess kwamba soksi alizonifumia ndizo nilizovaa makaburini.

Kamati itakutana tena Machi. Nimelipa ada ya uanachama na kuomba nafasi ya kusema, safari hii si kama karani. Nitavaa lile shati lililokatwa.

Mungu akuponye nyonga na akupoze moyo, Shangazi, atukutanishe kabla majani hayajaanguka tena.

Ni mimi mtoto wa nduguyo, nikupendaye daima,

Joelle Hostetter