Kutoa Habari Bila Kuizungusha

Mtopanga, Kisauni
Jumapili, baada ya alasiri

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo ya kuinama mpaka chini, maana ile ya kwenye simu naona haifiki vizuri. Naomba barua hii ikukute mzima, magoti yamekupa nafasi na presha imetulia. Dawa unakunywa, au unawagawia majirani kama kawaida yako? Mimi sijambo, alhamdulillahi. Shangazi naye ni mzima, na ulimi wake ndio mzima zaidi.

Utashangaa kupata barua na simu ipo. Ningepiga, lakini wewe ukipokea simu yangu unaweka sauti kubwa, baraza zima linanisikia, na Bi Khadija wa nyumba ya pili hunijibu kabla yako. Jambo nililo nalo ni lako peke yako. Ni lile lile la kazi ya Uingereza, ambalo mara ya mwisho uliniambia Mombasa ni mbali ya kutosha na tusilizungumze tena. Nililitoa mdomoni, moyoni halikutoka. Mwanaisha, binti wa shangazi, anakuja huko Faza harusini, nimempa akutilie mkononi. Isome mwenyewe, miwani unayo.

Pale zahanati kazi ni zile zile, watoto wenye homa na wazee wenye sukari. Jipya ni kwamba kila Jumamosi nikitoka zamu nakwenda Kiembeni kwenye darasa la Kiingereza. Utasema, Kiingereza si ulisoma? Nilisoma. Lakini wauguzi wanaotaka kwenda kule hupewa mtihani wao, na Kiingereza changu kilikuwa cha kujaza faili, si cha kukaa na mtu aliyeumia. Mwalimu wetu, Mwalimu Beatrice, ni mama mtu mzima kutoka bara. Kila wiki anatupa maneno mazito, na kila neno lazima ulitie kwenye sentensi ya maisha yako, si ya kitabuni.

Basi nyumba ya shangazi imejaa karatasi. Nimebandika maneno juu ya friji, mlangoni, mpaka kwenye pipa la maji. Shangazi kwanza alinuna, kisha akaanza kuuliza maana. Sasa amelipenda moja, "reluctant", yaani mtu anayefanya jambo na moyo wake hautaki. Asubuhi akiwa mlangoni na mbaazi zake na mahamri, maji yakitoka kidogo kidogo, anawaambia wateja kwamba mfereji wa Mtopanga leo ni reluctant. Wanacheka, na wengine nimewasikia wakilitumia barabarani.

Mimi maneno haya yamenifikirisha. Mengine nikiyachimba nakuta nilikuwa nayo siku zote. Nilihangaika na "bereaved" katika kamusi, kumbe ni mfiwa tu, neno ninalolijua tangu utotoni. Mengine yanakataa kuvuka. Mwalimu alitaka kila mmoja alete neno la kwao ambalo Kiingereza hakina, nami nikapeleka radhi. Akaandika ubaoni maneno ya Kiingereza ya ruhusa, ya baraka na ya msamaha, akaniuliza kama linatosha lolote. Nikamwambia yote yamo na bado hayajafika. Akauliza, basi radhi ni nini? Nikasema ni kitu ambacho mama akikunyima, hata ukifika uendako hujafika. Akaliandika ubaoni kwa Kiswahili, akaliacha hivyo.

Sehemu iliyokuwa ikinishinda ni ya kuzungumza. Mwalimu anaigiza mgonjwa au jamaa yake, nawe ndiwe muuguzi. Jumamosi moja alikuwa mke wa mtu aliyefariki wodini, na mimi ndiye wa kumpa habari. Nikamkaribisha, nikamuuliza hali ya watoto, nikamuuliza amekuja na nani. Nikamwambia hali ya mumewe imebadilika, tena kwa neno zito kabisa katika yale ya wiki ile. Nikamshauri ampigie kaka yake, au mzee yeyote wa kwao. Nikampa maji. Akaniuliza kama anaweza sasa kuingia kumwona mumewe. Nikasema inshallah, lakini anywe maji kwanza.

Darasa lilicheka, hasa vijana wa bara. Mmoja tu, kijana wa Likoni, alikuwa ananiitikia kwa kichwa kwamba nafanya sawa. Maana kwetu ndivyo. Habari ya msiba mtu hatupiwi usoni. Anaitwa nyumbani, anaambiwa mgonjwa ameshikwa kidogo, akifika anakuta watu wake wamekaa, mzee anamshika bega, na hapo ndipo anaambiwa. Akianguka, yupo wa kumdaka.

Mwalimu hakucheka wala hakunikaripia. Alikaa akaniambia, "Kule atakuja peke yake, mwanangu. Hakuna mzee anayemsubiri nyumbani. Usipomwambia wewe, atapanda basi arudi kwake akijua mumewe yu hai."

Nilirudi Mtopanga kwa miguu, ingawa ni mwendo, nikimfikiria Baba. Unakumbuka nilikuwa chuo cha uuguzi hapa Mombasa, kaka Omari akanipigia akaniambia Baba ameshikwa kidogo, njoo. Nikanunua machungwa, nikachagua moja moja. Njia nzima mpaka gatini Mokowe nilimwombea shifaa, na kwenye boti niliyapakata yale machungwa yasije yakapondeka. Nilipofika nikaona mikeka nje na viatu vingi mlangoni, nanyi mlikuwa mmemzika tangu jana yake.

Sikukulaumu, Mama, na leo sikulaumu. Mlinihurumia. Ningejua, ningelia ndani ya basi katikati ya watu nisiowajua. Lakini kuna kitu sijapata kukwambia. Inaniuma kwamba nilikuwa namwombea apone na yeye yuko kaburini. Nilikuwa na haki ya kumwombea rehema kama walivyomwombea wenzangu. Nilichelewa siku nzima kuwa mfiwa.

Kwa hiyo nikaanza upya. Jioni shangazi ndiye akawa mke wa marehemu, na alikuwa akilia kwelikweli mpaka jirani akaja na mkeka kuuliza msiba ni wa nani. Nikajifunza kukaa, kumtazama mtu, kumwambia mume wake amefariki, kisha kunyamaza. Kiingereza cha kusema hivyo ni chepesi, anakiweza mtoto wa darasa la tatu. Taabu ilikuwa kukitoa kinywani.

Siku ya mtihani halikuja suala la kifo. Nilipewa binti ambaye mama yake amezeeka, hawezi tena kuishi peke yake, naye binti anafanya kazi mji wa mbali. Mtahini ndiye aliyekuwa binti. Nilimwambia wazi, ingawa nilikuwa nakuona wewe.

Mama, naona bado nakuzungusha. Basi nakwambia.

Nimefaulu. Hospitali moja ya kule imekubali kunichukua, na ni kwa miaka mitatu. Nataka kwenda.

Sisemi nataka kujaribu tu, wala sisemi ni muda mfupi. Mkataba sijautia sahihi, na sitautia mpaka nipate radhi yako kwa sauti yako mwenyewe. Ukisema hapana nitabaki hapa na zahanati yangu, na nitahuzunika, hilo nalo sikufichi. Ila usiniambie ndiyo kwa kunihurumia, kisha nikishaondoka ukalia na mto wako. Naogopa utanikataza. Na naogopa pia utaniruhusu.

Nisalimie kaka Omari, na mkewe ambaye ndiye anayekupikia, Mungu amlipe. Nisalimie mwalimu wangu wa Kurani, mwambie kichwa kile kigumu alichokihangaikia sasa kinameza Kiingereza. Bi Khadija atakuuliza barua inasema nini. Mpe salamu zangu, na mengine ni juu yako.

La mwisho nalisema kwa kuwa nimeshaanza kusema. Ukiniruhusu, na siku moja nikiwa kule likatokea la kutokea, hata likiwa kwako, Mama, Mungu aliweke mbali, mwambie Omari asiniambie umeshikwa kidogo. Anipigie siku ile ile aniambie. Nitakuwa peke yangu, na hakutakuwa na wa kunidaka, lakini nitakuombea ile dua inayostahili kwa wakati wake.

Ni mimi mwanao, ninayesubiri neno lako,

Rukia