Ukimwita Feza Asipogeuka

Bertrams, Johannesburg
Jumapili, mchana

Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu za mwanao Riziki. Mguu wako unaendeleaje? Amani ameniambia unauburuta mpaka shambani na fimbo hutaki, eti fimbo ni ya wazee. Mama, wewe ni mzee. Chukua fimbo. Na kikohozi je? Na ukuta wa upande wa jikoni, mvua ziliuacha umesimama? Nauliza kwa sababu nataka kujua, na pia kwa sababu nachelewesha yale niliyokaa chini kuyaandika.

Aliyekuletea bahasha hii unamwona mbele yako. Ndiye Feza wako, mjukuu niliyempa jina lako. Usimwulize kitu bado. Mpe maji ya kuoga, mpe ugali na samaki wadogo wa ndakala, kisha mtume jikoni akacheze na wenzake, ndipo mdogo wangu Amani akusomee haya. Kiswahili anakielewa kuliko anavyojifanya, na sitaki ayasikie.

Nilipenda nikwambie kwa sauti. Kila nikishika simu nikurekodie sauti, naifuta. Nimefuta mpaka mume wangu, Papa Feza, akaninyang'anya simu akanipa kalamu.

Tangu mwanzo wa mwaka ulikuwa ukiniambia, nitumie mwenye jina langu. Na mimi nikijibu hapana, na siku nyingine nikijibu vibaya. Nilikuambia huko hakuna shule ya maana, na kwamba mtoto wangu hakuzaliwa ili aende kuokota kuni. Wewe ulicheka tu kile kicheko chako cha puani. Nilikuwa najisifu kwa ajili ya shule ile, Mama. Ina madirisha mazima na bomba la maji kila upande, na mwalimu wake wa darasa la tatu ni mama mnene mcheshi anayewakumbatia watoto wote mlangoni, hata wenye makamasi. Nilisema moyoni, hata kama mimi nitasuka vichwa vya watu Yeoville mpaka vidole vipinde, huyu atakaa kwenye dawati.

Huku sasa ni majira ya majani kuanguka. Hayakauki kwa jua kama ya kwetu. Yanageuka rangi yakiwa bado juu, yanakuwa ya njano, halafu ya kutu, halafu unaamka asubuhi barabara nzima imefunikwa na mdomo unatoa moshi wa baridi. Watoto walivalishwa sweta za kijani na soksi ndefu. Mwalimu aliwaambia kila mtu aokote majani makavu, abandike kwenye karatasi mti wa familia yake, na kila jani liandikwe jina la mtu. Feza alinijazia chumba majani. Alikuwa anayachagua kitandani kama mimi ninavyochagua maharage, hili limetoboka, hili zuri.

Siku wazazi walipoitwa kuiona ile miti nilikwenda nimevaa vizuri. Imebandikwa ukutani, mti baada ya mti, majina ya bibi na babu na wajomba. Nikautafuta wa kwangu. Kwenye jani la bibi palikuwa na jina la Gogo Thoko. Huyo ni jirani yetu wa uani, mwanamke wa Kizulu, gogo kwao maana yake bibi, anauza magwinya, yaani maandazi ya huku, kwenye lango la shule. Wewe hukuwepo, Mama. Na kwenye jani langu paliandikwa "Mama" peke yake, bila jina, wakati mama za wenzake wote wana majina.

Njiani nikamwuliza, jina langu hulijui? Akanijibu kwa Kiingereza, kwa sauti ndogo, huku anapiga majani teke.

"Nalijua. Sikuliandika ili wasikupate."

Sasa nikueleze hao wasiotakiwa kunipata. Muhula ulipoanza, kundi la watu waliovaa fulana za rangi moja walianza kusimama asubuhi nje ya lango. Wanasema shule ni za wenyeji, watoto wa wageni warudi kwao. Wanawasimamisha wazazi na kuwasemesha Kizulu, na anayejibu kwa kukwama wanamzunguka. Mkuu wa shule alitoka akawaambia watoto wote waliomo ni wake. Wakamjibu kwamba ndani ni kwake, njia ya miguu ni ya kila mtu. Basi wakabaki pale kwenye njia ya miguu.

Feza anaongea Kizulu kama mtu aliyenyonya nacho. Mimi nikifungua mdomo tu, nimekwisha. Kwa hiyo tukapanga. Gogo Thoko akawa anampeleka, amemshika mkono kama mjukuu wake. Mimi nafuata nyuma, upande wa pili wa barabara, kama mtu anayekwenda zake, mdogo wake Feza mgongoni. Hata kitenge niliacha, nikawa nambeba mtoto kwa blanketi kama wanawake wa huku. Hatusalimiani. Mama mzazi na mwanawe tunapita barabara moja na hatujuani.

Lakini wewe unanijua mdomo wangu. Niliogopa kwamba siku moja nitajisahau nimwite, naye ageuke. Na unajua mimi simwiti Feza. Ningewezaje kulitaja jina lako kavukavu, hivihivi, kama naita kuku? Tangu azaliwe namwita Mama, kama tunavyofanya kwetu. Hapo langoni mwanamke mzima akimwita mtoto Mama kwa Kiswahili, na mtoto akageuka, basi wote wawili wameonekana.

Nikamfundisha mchezo. Chumbani nilimsimamisha akiutazama ukuta, mimi nyuma yake. Namwita, "Mama! Mama, njoo!" Akigeuka ameshindwa, asipogeuka anapata peremende. Mwanzoni aligeuka kila mara, tukacheka wote, hata Papa Feza alicheka. Halafu akawa fundi. Nilimwita kwa kubembeleza, nikamwita kwa kulia uongo, nikaangusha sufuria nyuma yake. Shingo haikutikisika. Nikampigia makofi, Mama. Nilifurahi.

Siku moja asubuhi palikuwa na baridi ya kukata masikio. Gogo Thoko aliinama kutua beseni lake la magwinya, akamwachia mkono. Feza akaendelea mbele akiyakanyaga majani, anapenda yanavyolia. Kulikuwa na teksi, yale magari ya abiria, imepanda juu ya njia ya miguu kushusha watoto, na dereva akaanza kurudi nyuma bila kutazama. Mimi ng'ambo ya barabara niliona vyote viwili, gari linarudi na mtoto anakwenda.

Nilipiga kelele. "Mama! Rudi! Mama, gari! Feza!"

Alinisikia. Niliona mabega yake yakikaza, na shingo ikinyooka vilevile kama chumbani. Hakugeuka. Alisimama palepale nyuma ya gari, ananipa mgongo, anangoja.

Gogo Thoko ndiye aliyemrukia akamvuta kwa kamba ya mkoba. Gari liliusukuma mkoba, mtoto akaanguka, goti likachubuka, na magwinya yote yakamwagika kwenye majani. Nilivuka barabara sijui vipi. Nilimkumbatia pale chini, nalia kwa Kiswahili, namwita majina yako yote, mbele ya wale wote wenye fulana. Ndipo akanong'ona sikioni mwangu kwa Kiswahili chake cha kuvunjika.

"Sikugeuka, né? Mama, nimeshinda?"

Mama, nilipozaliwa ulinipa jina la Riziki. Kwa neno lile la mtoto sikuona tena riziki yoyote ninayoitafuta katika mji huu.

Mwanamke mmoja wa wale wenye fulana alitusogelea. Nilizitambua nywele zake kabla ya uso, kwa sababu nilimsuka mimi mwenyewe kabla ya Pasaka, alikaa kati ya magoti yangu tukacheka siku nzima. Akanitazama kama hajawahi kuniona. Akaniuliza kwa Kizulu mimi ni wa wapi. Gogo Thoko akajitia katikati yetu, mikono imejaa unga na vumbi.

"Haibo! Wewe! Nilikuuzia magwinya katika lango hili hili ukiwa bado unajikojolea. Leo unamwuliza nani anatoka wapi?"

Yule mwanamke alitoa simu akatupiga picha, mimi na Feza, tukiwa bado chini.

Jumatatu iliyofuata watu watatu walifika uani wakiuliza mama wa yule mtoto analala chumba kipi. Gogo Thoko aliwaambia tumehama. Mwenye nyumba naye si mtu mbaya, lakini alikuja na kofia mkononi akasema eish, hataki nyumba yake ichomwe, tutafute pengine. Tunatafuta. Kila wanaposikia ninavyoongea, chumba kimekwisha kuchukuliwa. Feza hajaenda shule tangu siku ile. Anakaa ndani, dirisha limefunikwa shuka, na nikitoka namwambia asimfungulie mtu. Mwalimu wake alimpa Gogo Thoko ule mti wa majani atuletee, na peremende, na ujumbe kwamba dawati lake lipo. Nilimshukuru moyoni. Dawati lipo, njia ya kulifikia ndiyo haipo.

Unajua Papa Feza analinda jengo la ofisi huko Marshalltown, anasimama mlangoni tangu asubuhi. Juzi alivua buti, akakaa, akasema:

"Riziki, mutoto aende kwa koko yake, mama yako. Miye niko nalinda milango ya batu. Mulango ya mutoto yangu nashindwa."

Sikubishana naye. Nimebishana na wewe vya kutosha, sina nguvu ya kubishana na mwingine.

Basi shangazi Jeanne, wifi yako, alikuwa anasafiri na mizigo yake ya nguo mpaka Lubumbashi, akakubali kuendelea naye mpaka mlangoni kwako. Mimi siwezi kuja. Nikivuka mpaka na karatasi hii ya ukimbizi sirudi tena, na Papa Feza abaki na nani, na huyu mdogo bado ananyonya. Usiniulize nitamwona lini. Najiuliza mimi mwenyewe nikisuka, nikipika, najiuliza nikiwa naongea na watu wengine. Nimemfungia nguo nikazifungua, nikafunga tena. Nimetia sweta ya shule ingawa huko ataivaa wapi kwa joto lile, ni yeye aliyekataa kuiacha.

Kifaransa hajui hata neno. Amani, wewe mwalimu, mdogo wangu, mkalishe karibu nawe darasani na usiwaache wamcheke. Anaogopa mbwa na haogopi giza. Maziwa hapendi. Akiudhika anaongea Kizulu peke yake, mwacheni amalize.

Msalimie mama mdogo Sifa, mwambie ndakala alizonitumia mwaka jana tulizipika kidogokidogo mpaka ikabaki harufu. Msalimie mke wa mchungaji aliyenifundisha kusuka, mwambie ndivyo ninavyokula mpaka leo. Msalimie binamu yangu Bahati, najua amejifungua, sijui kama ni wa kike au wa kiume, nimeshindwa hata kuuliza. Gogo Thoko naye anakusalimu. Aliniambia nikwambie kwamba hakukuibia mjukuu, alikushikia tu. Ule mti wa majani uko chini kabisa ya mkoba. Majani mengine yamevunjika. Jana, usiku wa kuaga, bila mimi kumwambia, nilimkuta Feza amebandika jani jipya juu ya lile la Gogo, lakini hajaliandika. Amesema atakuuliza kwanza kama unataka.

Sasa sikiliza neno hili, Mama, ndilo nililoandikia barua yote.

Utamwita. Atakuwa uani, au njiani kuelekea bombani, na wewe utamwita kwa nyuma kwa sauti yako ile ya kufika mpaka soko. Naye hatageuka. Nilijaribu hapa chumbani wiki nzima, nimemwambia imetosha, nimemwomba, bado namwita na shingo inakaza. Usiseme ana kiburi cha Johannesburg. Usimchape. Watoto wenzake wakisema ni kiziwi, wakatalie. Na usimwite kwa mbali penye ng'ombe wala pikipiki, ninakusihi, nenda na mguu wako mbovu na fimbo usiyoitaka, umfuate.

Ukimfikia usimshike kwa nyuma. Zunguka, uje mbele yake, uiname akuone uso. Halafu umwambie, wewe mwenye jina, kwamba mchezo umekwisha na ameshinda.

Mimi mwanao,
Riziki